Nyumba Hii Haitoi Ardhi kwa Reli

Mji huu una ubaguzi wake. Mwanamume akikaa barazani tangu alasiri hadi isha akipiga dhumna, akagonga meza mpaka vikombe vya kahawa vikaruka, huyo ni mtu mzima anapumzisha akili. Mwingine akishindwa kula kwa sababu timu ya Uingereza imefungwa, timu isiyomjua wala haitamjua, mtaa mzima utampa pole. Mimi nikinunua gari-moshi la kutosha kiganjani, nikalitembeza ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe, nimeingiwa na shetani. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama nishasomewa.

Sijasomewa. Mimi ni mtu wa Changamwe, honi ya treni naijua kuliko sauti za shangazi zangu. Ile treni ya zamani ilikuwa ikitoka kisiwani jioni, ikivuka Makupa, ikipanda kwetu kwa kujivuta, na sisi watoto tukiwapungia watu ambao wangeamkia Nairobi, Mungu akipenda na injini ikikubali. Hii ya sasa, iliyoanza Mei 31, 2017, inaondokea Miritini, na mtu wa Mji wa Kale akitaka kuipanda lazima kwanza asafiri ili aende akasafiri. Nazipenda zote mbili. Mke wangu asema hapo ndipo penye ugonjwa: mtu asiyebagua.

Shida ya kwanza ya reli yoyote ni ardhi. Kipimo changu ni kile kiitwacho H0, kila kitu kinagawanywa kwa 87. Reli pana ya milimita 1,435 inakuwa 16.5. Mimi mwenyewe nakuwa sentimita mbili, kitambi kikiwemo. Ukisikia hivyo utadhani nafasi itabaki mpaka ya kukodisha. Thubutu! Treni si tuktuk ikate kona inapotaka. Duara la adabu lataka karibu mita moja ya upana. Ukilibana sana mabehewa marefu yanalala ubavu. Na mita moja tupu katika nyumba yangu ilikuwa mahali pamoja tu, juu ya meza ya kulia.

Nikamwendea mwenye meza. Nikamweleza kwamba kutoka Miritini hadi Nairobi, kwa kipimo hicho, ni kilomita 5.4, kwamba reli ya haki ingetoka sebuleni kwetu ikavuka Makupa ikaingia kisiwani kwa wenyewe, na mimi naomba mita moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, ule upole wa kutisha:

"Babake Salimu, fidia ni ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Reli ikipita kwa watu huhesabiwa mpaka minazi. Meza yangu haihesabiwi?"

Kumbe alikuwa amejiandaa. Meza aliletewa na mamake. Kitambaa kimefumwa kwa mkono. Kabati la vyombo litasogezwa, na kusogeza kabati ni kuhamishwa, na anayehamishwa hulipwa usumbufu. Nilitoka pale nikidaiwa jiko la gesi la meko manne, na nilichopewa si ardhi, ni ruhusa: Jumapili, baada ya chakula cha mchana, kabla ya magharibi. Baada ya hapo reli ing'olewe. Nionyesheni nchi nyingine ambako reli hung'olewa ili watu wale pilau.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Kifurushi cha reli kutoka ng'ambo kilizuiliwa kwenye ofisi moja, na kijana wa dirishani akanitaka nithibitishe kwamba vile si vipuri vya gari-moshi. Nikamwonyesha kwa vidole kitu kilivyo kidogo. Akanitoza ushuru mkubwa.

Injini yenyewe niliuziwa na jamaa aliyerudi kutoka Uingereza, nayo ina kilema cha kuzaliwa. Zamani mota za treni hizi zilikuwa kubwa, na treni za Waingereza zina miili myembamba, mota haziingii. Basi mafundi wao wakafanya nini? Wakanenepesha mwili mpaka kipimo cha 1 kwa 76, reli wakaiacha ile ile ya 1 kwa 87. Gari-moshi limevaa kanzu ya baba na makubadhi ya mwana, na ndivyo wanavyoendelea kuyatengeneza hadi leo. Hao ndio waliokuwa wakitusahihishia mitihani ya hesabu.

Halafu hewa yetu hii. Wageni hulipa ndege kuja kuivuta, mimi inanimaliza. Umeme wa treni hii, volti 12, hupita kwenye reli zenyewe, ukaingia magurudumuni, ukafika kwenye mota. Kwa hiyo reli ikishika utando hata usioonekana, safari imekwisha. Na Mombasa utando hauadimiki: chumvi ya bahari, jasho la kuta, vumbi la malori ya kontena, na moshi wa mafuta ya jirani anayekaanga viazi vya karai chini ya dirisha langu. Kabla ya kila safari nakaa na pamba na spiriti. Napangusa reli ya kushoto, pamba nyeusi ti. Nageuza pamba, napangusa ya kulia, nyeusi. Nikimaliza duara, pale nilipoanzia pashachafuka. Treni inaondoka stesheni kwa mbwembwe zote, inafika kona ya pili, inakohoa, inasimama. Nikiigusa kwa kidole inakwenda. Nikiondoa kidole inasimama. Mwanangu akaniuliza, tena mbele ya wageni, "Baba, hii ni ya stima au ya kusukuma?"

Na siku reli iking'aa, stima inapotea.

Mandhari ninayatengeneza mwenyewe, kwa sababu hakuna kiwanda kinachouza mnazi wa Pwani. Nguzo za simu ni chelewa za ufagio. Nyika ya Taru ni majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, nikayaanika juani juu ya sinia. Mke wangu akatoka nje, akaniona mtu mzima nimechutama nafukuza kuku kwenye majani ya chai, akarudi ndani bila neno. Ile kimya yake ndiyo iliyopigiwa simu ya mama mkwe.

Mwanangu yeye hataki nguzo, ataka simba. Kasoma shuleni habari za wale simba wawili wa Tsavo, madume yasiyo na manyoya ya shingoni, waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 mpaka kazi ya daraja ikasimama. Nikamwambia simba kwa kipimo chetu ni sentimita moja na kidogo. Akaniletea wa udongo, mkubwa kuliko stesheni. Lakini wa kweli alikuwa ndani ya nyumba. Paka wetu ameona mota hutoa joto. Treni ikisimama, analala juu yake, mkia umekatiza njia. Nikimtoa ananikwaruza. Basi na kwangu kazi ilisimama.

Aliyenikata maini kabisa ni mzee mmoja wa barazani, mstaafu wa reli. Nilimkaribisha kwa shikamoo na kahawa nikijua huyu ataniunga mkono. Akainama, akaivaa miwani, akaivua.

"Mwanangu, hii reli ya wapi?"

"Ya kwetu, mzee."

"Upana huu si wa kwetu."

Na kweli. Reli iliyoanzwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ilikuwa ya mita moja. Kwa kipimo changu yapasa kuwa milimita 12. Nimelaza milimita 16.5, yaani nimejenga ya Miritini. Mzee akavuta kiti, akaanza kunisimulia Garratt za daraja la 59: injini 34, zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, tani 252 kila moja, kila moja ikapewa jina la mlima. Boila moja kati, seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele moja nyuma, dude zima likijikunja kwenye kona. Akaonyesha linavyojikunja kwa mikono miwili, mmoja ukiwa na kikombe, kahawa ikamwagika kuanzia Mazeras hadi Voi. Asema nisipokuwa na Garratt mimi sina reli, nina mwanasesere. Nimeuliza bei. Nikimtajia mke wangu, lile jiko la gesi litaonekana sadaka.

Mzee hajakoma. Siku hizi huja kila Jumapili na saa yake ya mfukoni na daftari. Treni ikichelewa anaandika. Paka akilala njiani anaandika. Mimi ndiye meneja, dereva, mpangusaji na mtoa kahawa, halafu kuna mtu ananiandika.

Kuikimbia meza nimenunua plaiwudi, nikaitundika kwa bawaba kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Nafasi bado haikutosha, nikatoboa ukuta, kijishimo tu cha kupitisha behewa, nikakipaka rangi kikawa handaki zuri la kuingilia sebuleni. Mwenye nyumba akaja kuchukua kodi, treni ikatokea ukutani, ikapita mbele ya miguu yake. Akaitazama. Akalitazama handaki. Akasema kodi ya vyumba ni ile ile, ya handaki tutaizungumza.

Nikamwambia, "Mzee, Waingereza walipitisha reli kutoka hapa mpaka Kisumu, hawakulipa kodi ya shimo."

Akanyoosha mkono kupokea pesa. "Na wako wapi?"