Wazee wa Nganyi Tuwasikilize Mpaka Wapi?

Kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umerithishana kazi ya kutabiri mvua vizazi na vizazi. Wazee wake huangalia miti inapochanua, ndege na siafu wanavyohama, na upepo unakovuma. Wana vichaka vyao vitakatifu ambavyo hakuna anayethubutu kukata kuni humo. Mnamo 2008 hivi, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa, Chuo Kikuu cha Maseno na ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa, walianza kuketi na wazee hao kabla ya msimu, wakilinganisha utabiri wao ili mkulima apewe kauli moja.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Utabiri wa msimu wa Idara huzungumzia eneo pana: mvua ya wastani, zaidi ya wastani au chini yake. Lakini huku kwetu mvua haijui mipaka hiyo. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda bara, ukakutana na upepo wa mashariki kwenye nyanda za juu, na radi zikaanza alasiri. Ndiyo sababu Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka huku ufuo wa Kisumu ukipata pungufu sana ya hapo. Mwenye shamba la robo ekari anataka kujua kama atapanda mahindi wiki hii au angoje, na mzee anayetazama miti ya kijiji hicho hicho walau anazungumzia kijiji hicho. Tena dalili zake si uzushi. Mimea na wadudu huhisi joto na unyevu hewani, na ipo miti inayotoa majani mapya kabla tone la kwanza halijaanguka.

Upande wa pili kuna tatizo ambalo mashabiki wa mila hulipita haraka: nani huandika mzee anapokosea? Idara ikikosea, nchi nzima hucheka. Mzee akikosea, husemwa kuna aliyeudhi mababu, na hesabu inafutika. Kukumbuka yaliyotimia pekee hakumfanyi mtu mtabiri.

Wapo pia Wakristo wanaoona huu ni ushirikina uliopewa muhuri wa serikali. Sishtuki sana, maana makanisa yetu nayo huomba mvua, na nabii Elia aliyeomba mvua mlimani Karmeli tunamhubiri bila kumdai takwimu.

Ila pingamizi lao linagusa penye ugumu. Wazee hawa hawajulikani kwa kutabiri tu. Wanajulikana kwa kuleta mvua, kwa chungu na mwanzi wa kupulizia. Mwanasayansi anaweza kupokea utabiri, lakini dai la kuleta mvua hawezi kulipokea, na mimi pia siwezi: hakuna chungu kinachosukuma wingu. Shida ni kwamba heshima inayomfanya mkulima amsikilize mzee imetokana na kuleta huko. Ukiondoa dai hilo, unabaki na mtazamaji hodari wa miti, na sina hakika kijiji kitamwamini zaidi ya sauti ya redioni.

Hata hivyo ningeanzia kwenye utabiri huo wa miti. Kauli ya mzee na ya Idara ziandikwe Februari, kabla ya mvua za masika, kwenye baraza la chifu, kila moja peke yake kabla hazijachanganywa, zisomwe tena Juni mbele ya watu wale wale. Wataalamu watakubali bila taabu. Wazee sijui, kwa kuwa wao ndio wenye mengi zaidi ya kupoteza.