Si Angemwambia Tu!

Jumamosi usiku msinitafute. Wenzangu wako kwenye mpira, mimi niko sebuleni na taulo begani, natazama sinema za mapenzi za kale, nawalilia wazungu waliokwisha kufa zamani. Fundi gereji mzima, grisi kwenye kucha, kamasi zinashindana na machozi!

Chukua hiyo An Affair to Remember ya 1957. Cary Grant ana mchumba wake, Deborah Kerr ana wake, wanakutana melini wakielekea New York. Basi, kwisha habari yao. Wanapobusiana ngazini, kamera inabaki miguuni, vichwa hatuvioni. Hapo naishukuru sana ile kanuni ya maadili iliyoibana Hollywood tangu 1934, isionyeshe mapenzi waziwazi, maana hizi ndizo sinema pekee ninazotazama na mama mkwe bila mtu kujifanya anatafuta rimoti.

Wanapeana miezi sita, kila mmoja akaweke mambo yake sawa, wakutane juu ya Empire State Building. Jengo la ghorofa 102! New York nzima haina mgahawa wa chini? Siku inafika, mwanamume anasubiri huko juu mpaka usiku. Mwanamke anakimbilia kuvuka barabara, macho yako juu kwenye jengo. Paa! Gari. Miguu ndiyo basi tena. Halafu ananyamaza. Hata barua! Mwenzake anadhani ameachwa.

Kinachoniuma zaidi, mwongozaji Leo McCarey alishaitengeneza hadithi hiyohiyo 1939, waigizaji wengine, na dada wa kwanza naye aligongwa vilevile. Miaka 18 yote hakuna aliyejifunza kutazama kushoto na kulia?

Ila ngoja ifike Krismasi. Jamaa anakuja kumwona, dada wa watu yuko kwenye kochi, kajifunika miguu, anajichekesha. Jamaa anarusha mafumbo weee, mpaka anafungua mlango wa chumbani. Anaiona picha aliyoichora mwenyewe, ile aliyoambiwa imechukuliwa na mwanamke asiyeweza kutembea. Hasemi neno. Anafumba macho tu. Mimi hapo taulo halitoshi.

"Si angemwambia tu!" nikaifokea runinga.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Baba Rehema, ulipofukuzwa gereji ile ya kwanza, wiki tatu nzima uliniaga asubuhi na begi la spana. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikaongeza sauti. Mama mkwe, niliyedhani amesinzia, akafumbua jicho moja.