Mbuzi Wasio na Mwenyewe

Mimi sina ugomvi na sheria ndogo za ufugaji mjini. Nakubali kabisa kwamba kiwanja cha makazi si machungani, na kwamba katika mitaa yetu hapa Mtwara yenye viwanja vya ujazo wa juu, ambako dirisha la jirani linatazamana na jiko lako, harufu ya banda huingia kwa watu bila kubisha hodi.

Kinachonikera ni kwamba sheria hizi humpata kwa urahisi yule anayezifuata. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimwekea mfugaji wa mjini kikomo cha ng'ombe wanne, nao wafungiwe bandani na kuletewa majani. Mimi sina hata ng'ombe mmoja. Nina mbuzi watatu, nimewajengea banda la mabanzi lenye sakafu iliyoinuliwa ili kinyesi kidondoke chini, na kila alasiri nawakatia majani mwenyewe, na mgongo huu. Kwa kuwa wamefungiwa, wanajulikana waliko. Na kwa kuwa wanajulikana waliko, bwana afya akiingia mtaani huanzia kwangu: kibali kiko wapi, banda liko umbali gani na nyumba, samadi unaipeleka wapi.

Wakati huohuo mbuzi wengine wanajipitia barabarani, wakiongozwa na beberu mwenye pembe moja ambaye saa ya jua kali hulala katikati ya lami na kuwatazama wenye bajaji kana kwamba wao ndio wavamizi. Msimu wa korosho hushinda pembezoni mwa mji wakila mabibo. Msimu ukiisha hurejea kwenye mchicha wetu. Ukiuliza ni wa nani, mtaa mzima kimya. Hata mwenyekiti, anayejua nani kahama na nani kajifungua, hapo hana taarifa. Lakini agongwe mmoja tu! Dereva wa bodaboda hajateremka kwenye pikipiki, mwenyewe ameshafika, anamtaja marehemu kwa jina, anaapa kwamba alikuwa na mimba ya mapacha, na bei anayoidai ni ya mkesha wa Idi.

Juzi bwana afya amekuja kuhesabu mifugo, akawakuta wazururaji sita wamejaa uani kwangu wakila maganda ya mihogo. Nikamweleza kwa adabu kwamba hao si wangu. "Mzee, kila mfugaji huniambia hivyohivyo," akasema, kisha akaandika tisa kwenye daftari lake, akaniagiza nipunguze mifugo au nipanue banda.

Habari ikaenea. Jioni, kwa mara ya kwanza bila ajali yoyote kutokea, mwenye mbuzi akajitokeza, amefura, akitaka nimweleze ni kwa haki gani nimeandikisha mbuzi wake sita kwa jina langu.