Taylor, Hawthorne na swali la nani anafaidika

Kwenye masomo ya utawala, hadithi husimuliwa hivi: Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyepima kazi za viwandani, alimgeuza mfanyakazi kuwa mashine, kisha majaribio ya kiwanda cha Hawthorne yakamrudishia utu wake. Ukikagua hesabu za pande zote mbili, hadithi hiyo inayumba.

Mwaka 1899, katika kiwanda cha Bethlehem Steel huko Pennsylvania, kibarua alipakia behewani tani 12.5 za chuma kwa siku, kipande kimoja kikiwa na kilo 42 hivi. Kiwango kipya cha Taylor kikawa tani 47.5, na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Kazi karibu mara nne, malipo nyongeza ya asilimia 61. Na kiwango chenyewe kilipatikanaje? Wanaume wenye nguvu walipimwa wakipakia mbio kwa dakika chache, matokeo yakazidishwa hadi siku ya saa 10, kisha asilimia 40 ikakatwa kwa ajili ya mapumziko. Hayo yalikuwa makadirio tu, na wengi hawakukiweza kiwango hicho.

Hata hivyo, suala la beleshi ni jingine kabisa. Taylor aliona kila mtu anakuja na beleshi lake: lile lile likibeba makaa laini linachota kilo 1.6, likibeba madini ya chuma linachota kilo 17. La kwanza ni kazi bure, la pili linavunja mgongo. Akajaribu uzito mbalimbali, akakuta mtu huhamisha mzigo mwingi zaidi kwa siku akichota kilo 9.5 kila mara. Kiwanda kikaweka stoo ya mabeleshi: dogo kwa madini, pana kwa makaa. Hapo sina ubishi naye.

Upande wa Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, majaribio yalianza 1924 kwa kubadilisha mwanga. Yaliyovuma zaidi ni ya wanawake waliounganisha vifaa vya simu katika chumba cha peke yao kuanzia 1927. Uzalishaji ulipanda, na sifa ikaenda kwa kuwajali wafanyakazi. Kinachosahaulika ni kwamba, mbali na mapumziko, malipo yao pia yalibadilishwa, yakategemea kikundi chao kidogo badala ya idara nzima. Tena wawili waliolaumiwa kwa kuongea mno waliondolewa mwanzoni mwa 1928, wakaletwa wengine. Ukibadilisha malipo, watu na mapumziko kwa pamoja, huwezi kujua kipi kimefanya kazi.

Kwangu, chumba cha Hawthorne chenye mafunzo zaidi ni kile cha kufunga nyaya, chenye wanaume 14, 1931 hadi 1932. Walikuwa na kiwango chao cha siku, na aliyekizidi alipigwa na wenzake ngumi ya bega. Waliogopa kwamba wakionyesha kasi, bei wanayolipwa kwa kila kipande itashushwa au wenzao watapunguzwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: kwenye uwanja wa mabeleshi, Taylor mwenyewe alijisifu kwamba watu walipungua kutoka kati ya 400 na 600 hadi 140.

Kwa hiyo, anayepima kazi leo apime zamu nzima, watu wa kawaida kadhaa, pamoja na muda wa kungojea mzigo. Kisha aandike kwenye mkataba kwamba bei haitashushwa watu wakiongeza kasi. Vinginevyo atapingwa: mwaka 1911 wasubu (mafundi wa kumimina chuma kwenye kalibu) wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, waligoma saa ya kupimia ilipoingia karakanani. Kufikia 1915 Bunge la Marekani lilikuwa limezuia fedha za jeshi kulipia upimaji huo.