Homoni ya nguvu za wadudu: tuifanye dawa au tuiwache?

Kuna wanasayansi wanaosema dawa ya wadudu ya baadae isiwe sumu ya neva kama tulizozoea, iwe inavuruga homoni inayompa mdudu nguvu. Kwa huku Zenji ambako nzi wa matunda anaharibu maembe kila msimu, nnaona hoja hii si ya kupita nayo hivi hivi.

Homoni yenyewe inaitwa adipokinetiki, peptidi fupi tu, yaani kipande kidogo kama cha protini, chenye asidi amino 8 mpaka 10, inatoka kwenye tezi ndogo nyuma ya ubongo wa mdudu. Nzige akiruka anaanza kuchoma sukari, baada ya muda homoni ishamwagika kwenye damu inafungua akiba ya mafuta na hapo ndo anakwenda masafa. Mbung'o yeye kituko, anaruka kwa nguvu ya prolini ambayo ni asidi amino, lakini homoni ni za ukoo huohuo.

Wanaoitetea wanasema mdudu ukimmalizia akiba yake anakufa kwa uchovu, sisi binadamu homoni hiyo hatuna, na tena haikai kwenye mazingira. Sawa, ila nyuki nao wanayo, na kubwa zaidi ni kuwa kamba na kaa wana peptidi ndugu yake kabisa, hiyo ndo inayokusanya rangi nyekundu mwilini mwao, tena kuna wadudu ambao homoni yao ni ileile ya kamba bila tofauti. Sasa kisiwa kama hichi, mvua ya masika ikipiga maji ya shamba yote yanaishia mikokoni, si tutaua na kitoweo jamani? Halafu peptidi ikiliwa inasagwa tumboni kama nyama nyengine yoyote, kwa hiyo lazima kwanza igeuzwe kemikali isivunjike, na ikishakuwa haivunjiki ile sifa ya kuwa haikai kwenye mazingira inaanza kupungua.

Na mbung'o tulimmaliza Unguja bila ya homoni, madume tasa yalimwagwa kwa ndege na wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Wengine watasema nzi wa matunda si mbung'o, anaweza kurudi na tenga la maembe kutoka bara wakati wowote, na hapo wana haki. Mie ningeikubali ikiwa ndani ya mtego wa chambo uliotundikwa mtini. Ya kupuliza shamba zima, hapana, mpaka wajaribu kwanza kwa kamba na nyuki.