Mmea wa Haraka au wa Polepole katika Tangi la Samaki

Mtu anayeanzisha tangi la samaki wa maji baridi (yaani maji yasiyo ya bahari) nyumbani hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaomwambia aweke mimea inayokua haraka, hasa ile inayoelea, kwa kuwa ndiyo inayosafisha maji. Na wapo wanaomwambia aanze na mimea michache inayokua polepole, inayofungwa kwenye jiwe au kipande cha gogo, kwa kuwa haihitaji matunzo mengi. Pande zote mbili zina hoja za kweli, nazo zinastahili kupimwa mapema, kwa sababu kosa la kuchagua mmea hulipwa na samaki, na pengine hulipwa na ziwa zima.

Hoja ya mimea ya haraka inaanzia kwenye uchafu wa samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, kupitia matamvua yao, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, lakini katika tangi jipya bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea, na ni katika wiki hizo ndipo samaki wengi hufa bila mwenyewe kujua sababu. Mmea unaokua kwa kasi hufyonza amonia moja kwa moja na kuifanya chakula chake. Ule unaoelea una nafuu zaidi, kwani majani yake yako hewani na hupata kabonidayoksaidi kwa wingi, ilhali mmea uliozama hutegemea kiasi kidogo kilichoyeyuka majini.

Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama zake. Mimea inayoelea isipopunguzwa mara kwa mara hufunika uso wote wa maji, ikawanyima mwanga mimea ya chini na kupunguza hewa inayoingia majini. Usiku, mimea yote huacha kutengeneza oksijeni lakini huendelea kuitumia kama samaki wanavyoitumia. Kwa wakazi wa miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa jambo hili ni zito, kwa sababu maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Umeme ukikatika usiku na pampu ya hewa ikasimama, tangi lililosheheni mimea linaweza kuishiwa oksijeni mapema kuliko lile lenye michache.

Ipo pia hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau. Likaingia Ziwa Victoria, ambako mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake, na katika miaka ya 1990 likafunika ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kupita na wavuvi wakakosa riziki, hadi nchi zinazolizunguka ziwa zikaleta fukusi wanaolila. Salvinia, mmea mwingine unaoelea na kupendwa na wafugaji wa samaki, asili yake ni Brazili, nao ulifunika sehemu kubwa ya ziwa la bwawa la Kariba muda mfupi baada ya bwawa hilo kuanza kuzuia maji mwaka 1958. Huenda haya hayakutokana na tangi la sebuleni, lakini sifa ileile inayoifanya mimea hii isafishe tangi vizuri ndiyo inayoifanya iliteke ziwa: kipande kidogo kinatosha kuanzisha kundi jipya.

Mimea ya polepole nayo ina udhaifu wake. Anubiasi ya Afrika Magharibi na kangaga la Java huvumilia mwanga hafifu, lakini hufyonza uchafu kidogo, na mwanga ukizidi majani yao hufunikwa na mwani. Shina lao nene linalotambaa halipaswi kufukiwa kwenye changarawe, kwani huoza. Kosa hili ni la kawaida sana, na mnunuzi huishia kudhani kwamba ameuziwa mmea mbovu. Faida yao kubwa ni kwamba majani yao ni magumu, na samaki wengi huyaacha. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, ambao wengi wao hufukua mchanga na baadhi hula majani laini, hana chaguo pana zaidi ya mimea hiyo, pamoja na valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, ambao hustawi katika maji yenye chumvichumvi nyingi za chokaa.

Kwa maoni yangu, wiki za kwanza zinahitaji mmea wa haraka, lakini uwe unaopatikana tayari katika maji ya eneo husika. Seratofilamu, usio na mizizi na wenye majani membamba kama sindano, huota katika maziwa yetu na hufyonza amonia vizuri. Maji yakishatulia hupunguzwa, na anubiasi huachiwa nafasi. Lakini ukichukuliwa moja kwa moja ziwani au bwawani unaweza kuja na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na mfugaji huingiza mikono tangini kila wiki. Ni salama zaidi kununua uliokuzwa kwenye matangi, na hata huo ukaguliwe upande wa chini wa majani, ambako mayai ya konokono huonekana kama ute mwangavu.

Matawi yanayokatwa, yawe ya mmea wa kigeni au wa kwetu, yasitupwe mtaroni wala chooni. Yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, ndipo yafukiwe kwenye bustani.