Tupeni Namba za Maji Yetu

Jirani yangu alikwenda ofisi ya maji kuuliza floraidi, madini ya asili ambayo yakizidi hutia meno madoa, ni kiasi gani katika bomba lake, kwa sababu meno ya mwanawe wa pili yanaota na madoa ya kahawia kama ya kaka yake. Dirishani aliambiwa kwamba maji yanakidhi viwango, basi. Nilikasirika aliponisimulia, kwa kuwa sisi watu wa kaskazini tumepewa jibu hilo kwa miaka mingi mno.

Jibu hilo halimsaidii mtu kama kiwango chenyewe hakitajwi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Tanzania tulijiwekea mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye kiwango cha taifa kikashuka hadi 4, na toleo la mwaka 2018 la TZS 789, yaani kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, ndilo lililotufikisha kwenye 1.5. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kiwango kikali wakati ule kingefunga visima vingi, na watu wangebaki bila maji kabisa. Hata hivyo, maji yenye miligramu 3 yalihesabiwa kuwa yanafaa chini ya kiwango cha 4, na maji hayohayo leo ni ukiukaji wa kiwango. Mtoto aliyeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi alipata madoa yasiyofutika, huku kumbukumbu za ofisi zikionyesha kwamba hakuna kosa lililotendeka. Ndiyo maana nasema mwananchi apewe namba, na uamuzi wa ofisi ufuate baada ya namba hiyo.

Taarifa zipo. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, lakini ni ndefu, imeandikwa kwa Kiingereza, na ubora wa maji humo hupimwa zaidi kwa asilimia ya sampuli zilizofaulu. Asilimia ya mji mzima haimwambii mama ni mtaa gani ulioshindwa. Kuzunguka Mlima Meru, ambako floraidi hutoka katika miamba ya volkano, chemchemi moja inaweza kuwa na maji mazuri na kisima cha jirani kikawa na floraidi mara kadhaa ya kiwango, na vyote viwili vikaingizwa katika mtandao mmoja wa mabomba. Wenye kudhurika hufichwa na wastani.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, tena inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufurianini. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, unaiondoa. Lakini nani atanunua chujio ikiwa ameambiwa maji yake hayana tatizo? (Magadi tunayotia kwenye maharage nayo huongeza floraidi, na hilo pia halisemwi vya kutosha.)

Ankara inatufikia kwa simu kila mwezi ikiwa na uniti na deni hadi shilingi ya mwisho. Ujumbe huohuo unaweza kubeba chanzo cha maji ya mtaa, tarehe ya kipimo, na kiasi cha floraidi. Hadi hapo utakapobeba hayo, tuandike barua: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi siku 30 za kujibu. Taja mtaa wako na namba ya mita, omba matokeo ya floraidi, klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki na E. coli (bakteria wanaoashiria kinyesi kwenye maji), na usikubali neno "yanakidhi" peke yake. Majibu yakija, tazama sampuli ilichukuliwa wapi, maana klorini iliyopimwa kwenye tangi kuu haithibitishi kwamba imebaki yoyote maji yanapofika bombani kwako.